Mama Yako Nani? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Fankisheni

Mwangaluka, wasomaji. Wiki hii maswali mengi yamezunguka jambo lile lile. Nadhani kidato cha tatu wamefika kwenye uhusiano na fankisheni, na madaftari yamerudi nyumbani yamejaa wino mwekundu. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Mzazi, Nyegezi: *Shikamoo mwalimu. Binti yangu amepewa kazi ya nyumbani aeleze tofauti kati ya uhusiano na fankisheni. Mimi niliishia darasa la saba, nauza mitumba. Nimsaidieje?*

Marahaba mama. Mfano mzuri unao humo humo ndani. Muulize binti: mama yako nani? Kwa Kiswahili chetu swali hilo halina jibu moja. Upo wewe, yupo dada yako ambaye kwake ni mama mkubwa, yupo mdogo wako ambaye ni mama mdogo, na huenda yupo jirani aliyemlea ukiwa mnadani naye anaitwa mama vilevile. Sasa chukueni karatasi. Kushoto andikeni majina ya watoto wa ukoo, kulia majina ya akina mama, kisha kila mtoto avutiwe mshale kwenda kwa kila anayemwita mama. Mtapata utando wa mishale. Huo ni uhusiano. Uhusiano hauna masharti. Ni orodha tu ya nani anaungana na nani.

Futeni mishale, muulize swali jingine: nani alikuzaa? Sasa kila mtoto anatoa mshale mmoja. Hakuna anayetoa miwili, hakuna anayekosa. Hiyo ndiyo fankisheni, na masharti yake ni hayo mawili tu: kila aliye kushoto awe na jibu, na jibu lake liwe moja.

Kabla hajakunja karatasi, mwambie aigeuze mishale ianzie kwa akina mama. Mwenye watoto watano atatoa mishale mitano, na fankisheni imekufa hapo hapo, ingawa ukoo ni ule ule. Kwa hiyo akiulizwa kama kitu fulani ni fankisheni, naye aulize kwanza: kutoka wapi kwenda wapi? Upande wa kuanzia darasani wanauita domeni, na majibu yaliyopata mshale wanayaita renji.

Mwanafunzi, Igoma: *Mwalimu, nilipewa mchoro wenye mishale miwili inayoishia kwenye namba moja. Nikaandika si fankisheni, nikakosa. Si umesema jibu liwe moja?*

Hili ndilo kosa ninaloliona kuliko yote, na sikulaumu, maana neno "moja" linateleza. Panda daladala ya Buhongwa ukitokea mjini Mwanza. Kila abiria ana kituo chake cha kushuka. Wanne wanaweza kushuka Mkuyuni, sita Nyegezi, na konda hana neno. Kisichowezekana ni abiria mmoja kushuka Mkuyuni na Nyegezi kwa safari ile ile, au kutoshuka kabisa. Hesabu mishale inayotoka kwa abiria. Inayoingia kituoni usiihesabu. Tena kituo cha Butimba kinaweza kupitwa bila mtu kushuka na bado fankisheni ni nzima: kituo hakidaiwi kuwa na abiria, ila abiria anadaiwa kuwa na kituo.

Mwanafunzi huyohuyo: *Na seti hii je: (1, 2), (3, 5), (1, 2), (4, 5)? Moja imetokea mara mbili.*

Katika kila mabano namba ya kwanza ndiyo inayoingia, ya pili ni jibu lake. Hiyo 1 imetokea mara mbili na jibu lile lile, 2. Ni jozi moja iliyoandikwa mara mbili, kama jina lililorudiwa kwenye daftari la mahudhurio. Ni fankisheni. Ingekuwa (1, 2) na (1, 7), hapo pangeharibika.

Mwanafunzi, Ilemela: *Mwalimu wetu anatufundisha kusogeza rula wima juu ya grafu, ikigusa mchoro mahali pawili basi si fankisheni. Inafanya kazi lakini sijui kwa nini. Kwa nini wima na si mlalo?*

Kwa sababu kwa mazoea yetu kinachoingia tunakiweka kwenye mhimili wa chini, na kinachotoka kwenye mhimili unaopanda. Ukisimamisha rula penye x = 3, umemsimamisha 3 peke yake na kumuuliza ana majibu mangapi. Kila mahali rula inapogusa mchoro ni jibu moja. Ikigusa mara mbili, 3 ana majibu mawili. Chukua duara la x² + y² = 25: penye 3 rula inagusa juu kwenye 4 na chini kwenye -4, basi duara si fankisheni. Rula ya mlalo inauliza jambo jingine kabisa, kama kuna wawili wenye jibu linalofanana, na hilo tumeshaona kwenye daladala kwamba ni ruksa.

Rula ni nzuri, ila mimi huilalamikia kwa kufundishwa kabla ya maana yake, nikiwa miongoni mwa waliofanya hivyo. Nikiri la kwangu. Nilipokuwa bado nafundisha, kitambo kidogo baada ya ziwa letu kujaa mwaka 2020, nilichora ubaoni grafu ya kimo cha maji ya Ziwa Victoria. Historia yake inafaa kuchorwa: kati ya 1961 na 1964 maji yalipanda kwa zaidi ya meta 2, yakafika kilele Mei 1964, baadaye yakaja kushuka vibaya hadi mwaka 2006, kisha Mei 2020 yakarudi karibu palepale pa 1964. Ubao wangu ulikuwa umebabuka upande mmoja, nikabaki na nafasi nyembamba ndefu. Nikaona nipange miaka kwenda juu na kimo cha maji kwenda kulia. Nikauliza: fankisheni au si fankisheni?

Darasa zima likainua rula. Penye kimo kile cha juu rula iligusa 1964, ikagusa tena 2020. Si fankisheni, wakajibu, nami nikaridhika. Kijana mmoja wa nyuma akakataa. Akasema kila siku ziwa lina kimo kimoja, liwe limechorwa limesimama au limelala, hivyo ni fankisheni. Nikampa kosa.

Nilikuwa njiani kurudi nyumbani ndipo nikaona kwamba swali langu ndilo lilikuwa bovu. Kutoka tarehe kwenda kimo cha maji, ni fankisheni: niambie tarehe, nitakupa kimo kimoja. Kutoka kimo kwenda tarehe, si fankisheni: ukiniambia maji yamefika pale, siwezi kujua unazungumzia mwaka upi. Darasa lilijibu la pili, kijana akajibu la kwanza, na mimi sikuwa nimesema nauliza lipi. Kesho yake nilifuta lile kosa mbele ya wenzake. Wewe ukipewa grafu, kabla ya kugusa rula soma kwanza kilichoandikwa kwenye kila mhimili.

Mfanyabiashara wa dagaa, Mwaloni Kirumba: *Kijana wangu anayesoma ananiambia bei ni fankisheni ya uzito. Mbona gunia lile lile jana niliuza bei nyingine na leo nyingine? Hesabu zenu zinafahamu soko kweli?*

Dada, soko unalijua kuliko kijana, na hesabu zipo upande wako. Kama kinachoingia ni uzito peke yake, basi gunia moja limekupa bei mbili, na bei si fankisheni ya uzito. Umemaliza kesi.

Ila usimfukuze kijana, maana kuna namna ya kumwokoa. Wewe unajua kwa nini bei inaruka. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza. Taa ndiyo inayowakusanya. Mbalamwezi ikiwaka ziwa zima lina mwanga, taa ya mvuvi haina tena nguvu ya kuwaita, mitumbwi mingi inalala, na mzigo unaposhuka mwaloni ni mdogo. Bei inapanda. Basi tusiingize uzito peke yake; tuingize jozi: uzito na siku. Gunia moja, siku ya giza, bei hii. Gunia moja, siku ya mbalamwezi, bei ile. Jozi hizo ni mbili tofauti, kila moja na jibu lake, na hakuna ugomvi tena.

Najua utaniambia hata siku moja asubuhi na jioni bei si ile ile, na mteja wako wa miaka kumi humuuzii kama mgeni aliyeshuka kwenye basi. Sawa. Ongeza saa, ongeza mnunuzi. Kadiri unavyoongeza upande wa kuingia, ndivyo majibu yanavyobaki moja moja. Hivyo anayesema "bei ni fankisheni" hajasema kitu mpaka ataje ni fankisheni ya nini.

Hapo hapo mwaloni kuna jambo la jirani yake. Weka mizani sangara wawili wenye urefu wa sentimeta 60 kila mmoja. Uzito hautalingana, mmoja ameshiba, mwenzake kakonda. Basi uzito wa sangara si fankisheni ya urefu wake. Lakini watafiti wa samaki wana kanuni yao, inayosema uzito unakwenda takriban kwa kipeo cha tatu cha urefu: sangara wa sentimeta 100 hana uzito mara mbili ya yule wa 50, ana karibu mara nane. Wanakosea? Hapana. Wamepima samaki wengi, wakaweka nukta nyingi kwenye karatasi, kisha wakapitisha mstari mmoja katikati ya wingu la nukta. Mstari ule ni fankisheni, na wingu si fankisheni. Nimeona wanafunzi, hata wa chuo, wakichanganya vitu hivyo viwili, wakidhani samaki wenyewe wanatii mstari.

Mwanafunzi, Mabatini: *Kipeuo cha pili cha 9 ni 3, au ni 3 na -3? Mwalimu wa shule na mwalimu wa tuisheni wananipa majibu tofauti.*

Huenda wanajibu maswali mawili tofauti. Ukiulizwa namba zipi zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe zinatoa 9, zipo mbili, 3 na -3; ndiyo maana unapokokotoa x² = 9 unaandika zote. Lakini alama yenyewe, √9, imekubaliwa itoe jibu moja, lile lisilo hasi: 3. Makubaliano hayo yamefanywa makusudi, alama ile iwe fankisheni. Kikokotoo chako kina kitufe hicho. Kibonyeze uone kama kitakuletea namba mbili. Ukitaka ile hasi, unaiandika mwenyewe: -√9.

Wa tuisheni akiendelea kubisha, muulize √9 + √16 ni ngapi. Kwa njia yake kuna majibu manne: 7, 1, -1 na -7. Hakuna anayeweza kujenga nyumba kwa vipimo vya namna hiyo.

Mwajiriwa mpya, Pansiansi: *Kodi ya mshahara ina kanuni tofauti kwa kila kiwango. Je, hiyo ni fankisheni moja au ni nyingi? Na mshahara ukiangukia mpakani kabisa, unafuata kanuni ipi?*

Swali zuri, na linahusu mfuko wako. Kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, mshahara wa mwezi unaotozwa kodi ukiwa hauzidi shilingi 270,000, kodi ni sifuri. Ukizidi hapo hadi 520,000, unatozwa asilimia 8 ya kinachozidi 270,000. Ukizidi 520,000 hadi 760,000, ni shilingi 20,000 pamoja na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000. Viwango vya juu yake vinaendelea kwa mtindo huo huo.

Ni fankisheni moja yenye vipande. Taja mshahara wowote, utaangukia kipande kimoja na kupata kodi moja. Kwa 600,000, kinachozidi ni 80,000, asilimia 20 yake ni 16,000, jumlisha 20,000 unapata 36,000. Hakuna jibu jingine.

Mpakani pana utamu wake. Chukua 520,000 kamili. Kwa kanuni ya pili: kinachozidi 270,000 ni 250,000, na asilimia 8 yake ni 20,000. Kwa kanuni ya tatu: 20,000 na sifuri juu yake, ni 20,000. Kanuni zote mbili zinakutana kwenye namba ile ile. Ile 20,000 iliyoandikwa mwanzoni mwa kanuni ya tatu haikuokotwa. Imetokana na kipande kilichotangulia ili viungane bila kuruka. Zingetoa majibu mawili tofauti pale mpakani, tusingekuwa na fankisheni mpaka sheria iseme mpaka ni wa nani.

Hii pia inajibu uvumi wa ofisini kwamba ukiongezwa mshahara ukavuka kiwango, unaweza kurudi nyumbani na pungufu. Kwa kodi hii haiwezekani. Ukivuka 520,000 kwa shilingi 1,000, kodi inaongezeka shilingi 200 na 800 unabaki nazo. Usikatae nyongeza.

Mwalimu mwanagenzi, Sengerema: *Wanafunzi wangu wanaamini kwamba pasipo na fomula hapana fankisheni. Hata mimi nikiri sina mfano wa kuwashawishi.*

Mifano unayo mfukoni. Namba ya simu na mtu aliyeisajili kwa alama za vidole: kila laini ina msajiliwa mmoja, basi kutoka laini kwenda mtu ni fankisheni, na hakuna fomula duniani itakayokupa jina kutoka kwenye namba. Geuza, na mtu mwenye laini mbili anaiharibu. Alama za mtihani na daraja ni mfano mwingine: kidato cha nne, 75 hadi 100 ni A, 65 hadi 74 ni B, 45 hadi 64 ni C, 30 hadi 44 ni D, chini ya hapo F. Jibu ni herufi, si namba, na bado ni fankisheni. Au nenda mwaloni ukamtazame afisa uvuvi mwenye kipimo cha urefu. Sangara akiwa chini ya sentimeta 50, haruhusiwi. Hapo kinaingia kipimo, linatoka neno.

Wanafunzi wako wamerudia njia waliyopita wakubwa, waambie wasione haya. Neno lenyewe alilianzisha mwanahisabati Leibniz mwishoni mwa karne ya 17, kwa mambo ya michoro ya mistari iliyopinda. Euler, Mswisi aliyeanza kuandika f(x) mwaka 1734, kwa muda mrefu aliiona fankisheni kama maandishi ya kukokotoa, yaani fomula. Mtu anayehusishwa zaidi na kukata kamba hiyo ni Mjerumani Dirichlet. Mwaka 1837 aliandika kwamba yatosha kila x iwe na y yake moja, hata kama hakuna kanuni inayoziunganisha. Miaka minane kabla ya hapo alikuwa ametoa mfano wa kustaajabisha: namba inayoandikika kama sehemu, mfano 3/4, ipewe jibu moja, isiyoandikika hivyo, mfano √2, ipewe jibu jingine. Masharti yote mawili yametimia. Lakini jaribu kuichora. Kati ya nukta zozote mbili zimejaa namba za aina zote mbili, na penseli yako haitapata pa kutua. Wape kazi hiyo kipindi cha mwisho cha Ijumaa, uone watakavyotulia.

Mwanafunzi, Kisesa: *f(x) maana yake f mara x? Na kama si hivyo, mbona niliandika f(2 + 3) = f(2) + f(3) nikapata?*

Si mara. f ni jina la fankisheni, na kilicho ndani ya mabano ndicho unachokiingiza. Kama f(x) = x², basi f(5) ni 25, wakati f(2) + f(3) ni 4 na 9, jumla 13. Huwezi kuvunja mabano kama unavyomenya ndizi.

Ulilopata nadhani lilikuwa swali la f(x) = 7x. Weka 5 utapata 35. Weka 2 na 3 kila moja peke yake utapata 14 na 21, jumla 35. Hapo ilikubali. Sasa jaribu f(x) = 7x + 1, uniandikie ulichokipata.